Waliobaki Juu

Machakos haijawahi kuwa na bandari, kwa hivyo haikujua ifanye nini na kapteni wa meli. Othman alipostaafu na kurudi kwao, watu wa mjini walimpokea kwa mzaha. Walimwuliza meli yake ameiegesha wapi, Konza kwenye ng'ombe au Kyumbi kwenye malori. Fundi wa baiskeli karibu na msikiti alimbandika jina la Kapteni wa Nchi Kavu. Othman alicheka nao, maana mzaha wenyewe ulikuwa wa haki. Mtoto wa muuza nyama, aliyezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote yalikuwa bwawa la kunyweshea mifugo, alikuwa amezimalizia nguvu zake baharini.

Wala asije mtu akadhani ni zile meli nyeupe za watalii. Othman alifanya kazi kwenye meli zisizopungiwa mkono na mtu. Zilikuwa meli fupi, pana, zenye sitaha tupu kwa nyuma, za kupeleka maji, saruji, mabomba, viazi na nyama kwenye mitambo ya mafuta iliyosimamishwa katikati ya bahari huko Uarabuni. Alianza akiwa kijana, Mombasa, akikwangua kutu na kupaka rangi kwenye boti za bandarini, kazi aliyoombewa na mjomba wake. Akapanda cheo baada ya cheo, akafanya mitihani ambayo wenzake walimcheka akiisomea, hadi alipokabidhiwa meli yake mwenyewe ndevu zikiwa zimeanza kuota mvi.

Huko baharini hakusifiwa kwa kupambana na mawimbi. Alijulikana kwa neno moja tu, subiri. Kila asubuhi kabla ya kazi aliwakusanya mabaharia wote, mpishi akiwemo, akawauliza leo tunaweza kufa na nini. Ndivyo alivyouliza, bila kupamba. Na alikuwa na sheria yake, kwamba yeyote akiona jambo haliko sawa anainua mkono na kazi inasimama, hata kama ni mpishi anayemsimamisha kapteni. Wakubwa wa kampuni hawakuipenda sana sheria hiyo. Safari moja alikataa kuisogeza meli karibu na mtambo kwa sababu mawimbi yalikuwa yanapanda, na mkubwa mmoja akamwambia kwa redio kwamba kapteni mwingine alipakua mizigo pale pale jana. Othman akamjibu kwamba jana si leo. Hakuna aliyeumia siku hiyo, na kwa sababu hakuna aliyeumia, hakuna aliyejua kama Othman alikuwa na busara au alikuwa mwoga tu. Kazi yake yote ilikuwa hivyo, na akaizoea.

Neno lile la subiri hakulipata kitabuni. Alipokuwa bado afisa mdogo, meli yao ilikuwa na tangi lililokuwa limefungwa miezi mingi. Chuma kikishika kutu ndani ya chumba kilichofungwa, kutu huila hewa, na hewa inayobaki haina uhai, wala haina harufu ya kumwonya mtu. Baharia mmoja alishuka kukagua, akaanguka. Rafiki yake alimwona kutoka juu, akashuka mbio kumtoa, akamwangukia. Wa tatu akafuata. Othman mwenyewe alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi wakati serahangi wao, mkuu wa mabaharia wa sitaha, mzee wa Lamu, alipoushika mshipi wake na kumvuta hadi akaanguka chali kwenye sitaha. Wakatoa maiti tatu. Yule wa kwanza aliuawa na hewa, lakini wale wawili, kila Othman alipowafikiria, aliona waliuawa na upendo. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeingia tangini mbele yake kabla hewa haijapimwa.

Nyumbani mambo hayo yalikuwa kichekesho. Rehana, mkewe, alikuwa amezoea mume wa kuja na kuondoka, na sasa alikuwa na mume wa kila siku, tena anayekagua mpira wa gesi kila jioni na kuwakataza wajukuu kukimbia kwenye ngazi. Fundi aliyekuja kuezeka jikoni alifukuzwa mara mbili kwa sababu ya ngazi yake mbovu. "Baba Zaki, hapa si meli," Rehana alikuwa akimwambia, na Othman alikuwa akikubali, kisha anakwenda kuitikisa ile ngazi tena.

Walikuwa wamenunua shamba huko Kalama, wakajenga nyumba ya mawe. Upande wa pili wa ua wa mkonge aliishi Kamanthe, mjane aliyeitwa na kila mtu Mama Mutiso, pamoja na wanawe wawili. Mutiso, mkubwa, alikuwa mtu mpole, mchimbaji visima, mwenye mke na watoto. Ndiye aliyemfundisha kapteni kukinga matuta ili mvua isiuchukue udongo, na hakumcheka aliposhika jembe vibaya. Maundu, mdogo wake, alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Baba yao alifariki Maundu akiwa bado ananyonya, na Mutiso ndiye aliyembeba mgongoni na kumlipia shule kwa visima alivyochimba. Vijana hao wawili walikuwa chanda na pete.

Mwaka wa elfu mbili mvua ilikataa kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, ng'ombe wakauzwa kwa bei ya mbuzi, na wanawake wakawa wanaondoka alfajiri na punda kutafuta maji wasijue watarudi saa ngapi. Ndipo mwethya wa pale, lile kundi la majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, ukaamua kuchimba kisima kwenye mpaka wa shamba la Kamanthe na la Othman. Mutiso akawa chini, Maundu na mzee Mutuku wakashika roda ya kuvutia ndoo, akina mama wakabeba udongo. Walichimba kwa moyo mmoja, na Othman alisema hajawahi kuona mabaharia wanaoelewana namna ile.

Kisha wakafika kwenye mwamba. Mwamba huo haukuogopa nyundo wala tindo, kwa hivyo wakafanya kama wachimbaji wa kule wanavyofanya. Waliteremsha kuni na matairi makuukuu, wakawasha moto chini kabisa, mwamba ukaoka mpaka ukawa mwekundu, kisha wakaumwagia maji ya magudulia ukapasuka. Njia ni nzuri, mwamba unamenyeka kama kiazi. Shida ni moshi, kwa sababu moshi wa tairi unapanda mweusi watu wakauona, lakini sumu yenyewe inabaki chini na haionekani.

Othman hakulala vizuri tangu moto wa kwanza. Aliwaomba watu wa mwethya wakae chini ya kivuli, akawaeleza habari za tangi. Akawaomba mambo matatu. Baada ya moto wangoje siku mbili. Kabla ya mtu kushuka wateremshe mafungu ya matawi na kuyapandisha na kuyashusha, ili hewa chafu itibuke na kupanda. Na anayeshuka ajifunge kifuani kamba ya nailoni, ambayo Othman mwenyewe aliitoa Mombasa, ili akianguka avutwe na walio juu bila mtu mwingine kumfuata. Walikubali, ingawa kwa vicheko, na jina la Kapteni Subiri likazaliwa siku hiyo.

"Mzee, hii si tangi ya meli," Mutiso alimwambia kwa upole. "Kisima kiko wazi. Mungu anaona mpaka chini."

"Mungu anaona," Othman alijibu, "lakini wewe ndiye unavuta hewa."

Wachimbaji walikuwa na kipimo chao tangu zamani, nacho ni koroboi. Waliiteremsha ikiwaka, ikizimika hawashuki, isipozimika wanashuka. Othman aliwaambia kwamba kipimo hicho ni kizuri kwa kisima kilichokosa hewa, lakini sumu ya moshi haiogopi taa, kwamba taa inaweza kuwaka vizuri kabisa pembeni ya maiti. Waliitikia kwa vichwa, kama watu wanavyomwitikia mgeni anayeeleza njia ya kwenda kwao wenyewe.

Wiki kadhaa walimtii. Kisha ikafika Ijumaa moja. Walikuwa wamechoma moto siku iliyotangulia, na mapatano yalikuwa kungoja hadi Jumamosi. Othman alivaa kanzu yake akaenda mjini kuswali. Mchana huo Nzisa, mmoja wa akina mama, alipita karibu na kisima na gudulia tupu, akainamisha sikio, akasema amesikia maji yakichuruzika. Hebu fikiria maneno hayo katika mwaka ule. Watu walikusanyika, kila mmoja akasikiliza, na kila mmoja akasikia. Mutiso akateremsha koroboi. Ikawaka safi, moto haukutikisika hata kidogo. Akasema anashuka kutazama tu, hata nyundo habebi. Kamba ya nailoni ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo ya roda. Akaiacha hapo, akashuka kwa vishimo vya miguu vilivyochimbwa ukutani.

Othman alikuwa anatoka barabarani kwa miguu, akirudi kutoka msikitini, aliposikia mayowe. Mtu aliyekaa baharini miaka mingi anajua kilio cha ajali na kilio cha msiba, na hiki kilikuwa bado ni cha ajali. Alikunja kanzu akakimbia, mzee wa miaka sitini, hadi akafika akihema. Akina mama walikuwa wamezunguka shimo. Walisema Mutiso alifika chini, akaita kwa furaha kwamba mwamba umelowa, kisha akaketi kama mtu aliyechoka, kisha akalala. Mzee Mutuku alikuwa anaita jina lake ndani ya shimo, na shimo lilimrudishia lile lile jina.

Maundu alikuwa amefika wakati huo huo kutoka malishoni. Alikuwa ameshavua shati na kuweka mguu mmoja ndani.

"Maundu, simama," alisema Othman.

"Ndugu yangu ako chini."

"Najua. Ukishuka mtakuwa wawili."

"Nitashika pumzi. Mimi niko na nguvu, mzee, niache."

"Hakuna pumzi ya kukufikisha huko na kukurudisha na mtu mgongoni."

"Basi nifunge hiyo kamba yako. Nikianguka mnivute."

Hapo Othman alisita. Ilikuwa ni hoja, na tena ilikuwa hoja yake mwenyewe, aliyoihubiri wiki zote zile. Alimtazama kijana machoni, na akaona kitakachotokea wazi kama amekwisha kukiona. Maundu angeshuka na kamba kifuani. Angemkuta kaka yake amelala. Angejifungua kamba hiyo amfunge Mutiso, awapigie walio juu kelele wavute, na angebaki yeye. Hangefikiri hata kidogo, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Nani basi angemfuata Maundu? Mutuku angemfuata, na baada ya Mutuku mke wa Mutiso, ambaye tayari alikuwa ameshikwa na wenzake watatu.

"Hapana," alisema Othman. "Mutuku, mshike."

Mutuku alimshika kwa sababu sauti ile haikuwa ya mzee wa jirani, ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha. Walimburuta kijana kutoka mdomo wa shimo akipiga mateke. Alikuwa na nguvu kuwashinda wote wawili, na Othman aliona kwamba wangemwachia muda si mrefu. Akaichukua kamba ya nailoni, akamfunga Maundu mikono kwa nyuma kwenye nguzo ya roda, kwa mafundo ya meli, mafundo ambayo kadiri mtu anavyoyavuta ndivyo yanavyokaza. Maundu alilia kwa Kikamba, akimwita kaka yake, akiwaita watu wamfungue. Ndipo Kamanthe akafika. Aliona mwana mmoja ameanguka chini na mwana wa pili anafungwa kama mwizi wa kuku, na aliyekuwa anamfunga ni jirani aliyekula kwake. Alimpiga Othman mgongoni kwa ngumi zote mbili. Othman hakugeuka.

Wakati anakaza fundo la mwisho, sauti ilitoka chini ya kisima. Haikuwa neno. Ilikuwa mgumio mfupi, kama wa mtu anayegeuka usingizini, na kila aliyekuwa pale aliusikia. Mikono ya Othman ilisimama. Kwa kitambo hicho kidogo alitamani awe mtu mwingine yeyote duniani, mtu asiyejua lolote kuhusu hewa na matangi, mtu ambaye angemfungua kijana na kumwambia nenda. Kisha akalikaza fundo.

Baada ya hapo alifanya yote anayoweza kufanya mtu aliye juu. Aliwafanya akina mama wateremshe matawi na kuyapandisha bila kupumzika. Walinyunyiza maji machache yaliyokuwepo. Alifunga kulabu kwenye kamba ya ndoo, akalala kifudifudi ukingoni kanzu ikiwa imechafuka matope, akajaribu kumvua Mutiso kama samaki, na mara moja kulabu ilishika shati, watu wakaanza kuvuta, shati likachanika. Kijana mmoja alikuwa ametumwa kwa baiskeli barabarani kutafuta gari la kwenda mjini kuomba msaada. Wenye vifaa vya kupumulia walifika jua likiwa linakaribia kutua. Walimtoa Mutiso akiwa amekufa, uso wake una rangi nzuri kama wa mtu aliyetoka kuoga.

Hakuna aliyeweza kuyafungua mafundo yale. Ilibidi Othman mwenyewe ainame nyuma ya Maundu na kuyalegeza moja moja. Maundu hakumpiga, wala hakumtukana. Alivitazama viganja vyake vilivyovimba, kisha akawaambia watu wengine, si yeye, "Nimefungwa kama mwizi nikisikia ndugu yangu akifa."

Na hayo ndiyo maneno yaliyobaki Kalama. Daktari alisema sumu ile huua haraka, lakini hakuna daktari aliyekuwepo kuusikia ule mgumio. Watu hawakumfanyia Othman ubaya wowote. Walimsalimu njiani, wakaendelea na safari zao. Kwenye mazishi alipewa kiti, na viti vya kulia na kushoto kwake vikabaki wazi mpaka padri alipomaliza. Wengine walinong'ona kwamba angekuwa ni mtoto wake Zaki aliye chini, kamba hiyo ingefungwa kifuani mwa mwokozi, si kwenye nguzo. Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu alijiuliza usiku na mchana kama ni kweli, na hakupata jibu.

Baharini alikuwa amezoea kwamba jambo lililozuiwa halionekani. Lakini huko baharini aliowazuia walishuka bandarini wakaenda kwa wake zao, na hakujua majina ya watoto wao. Hapa aliyemzuia alikuwa anapita mbele ya lango lake kila asubuhi. Othman alitaka kumwambia, kijana, ungekuwa umekufa. Lakini atayasemaje hayo bila kuonekana anadai shukrani juu ya kaburi la mtu? Alinyamaza. Alianza kukonda, na Rehana, ambaye zamani alikuwa akimtania kwa ngazi na gesi, aliacha kabisa utani huo.

"Ulifanya sawa," alimwambia siku moja wakinywa chai.

"Sijui," alisema Othman. "Pengine angeshuka na kamba akarudi."

"Wewe unaamini hivyo?"

"Siamini. Lakini sijui, Mama Zaki. Sitajua mpaka niingie kaburini."

Mwethya ulifunika kisima kwa magogo. Maundu hakukaa Kalama baada ya hapo. Kila alipokwenda kunywa chai au pombe alikuta mtu wa kumwuliza, hata kwa huruma, ilikuwaje ukabaki juu. Akachukua nyundo na tindo za kaka yake, akawa anachimba visima vya watu, leo huku, kesho kule. Habari zake zilirudi kupitia Mutuku. Alisema kijana amepata jina kubwa. Anaitwa kwenye visima ambavyo wachimbaji wengine wamekataa, anashuka moshi haujaisha, na kamba hataki hata kuiona.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Kamanthe alivuka ua wa mkonge, mara ya kwanza tangu msiba. Rehana alimtolea kiti akakaa, akaikataa chai, akaweka mikono mapajani.

"Baba Zaki, sikuja kukushukuru," alisema.

"Sikungojea shukrani, Mama Mutiso."

Jina hilo lilimtoka kwa mazoea, na wote watatu walilisikia. Kamanthe alitikisa kichwa polepole, kama anayesema liache.

"Wamama wa kanisa wananiambia nikushukuru. Wanasema uliniachia mmoja. Lakini nikikushukuru, nitakuwa nimesema sawa, chukua Mutiso, niachie Maundu. Mimi sikuchagua. Siwezi kusema hiyo neno na mdomo yangu hata nikiwa nakufa."

"Usiseme," alisema Othman. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Sasa sikia kile kimenileta. Huyo mwenye alibaki anatafuta kisima ya kumfuata ndugu yake. Watu wanasema ni ujasiri. Mimi ni mama yake, najua si ujasiri. Nimeenda kumwomba, ananiambia Mama, mimi nilibaki juu mara moja, inatosha." Alielekeza mkono kule kisimani. "Siku hiyo ulimfunga nikikuona, na nikakupiga. Ako Kyumbi. Nenda umfunge tena. Sitakupiga."

Othman alikwenda siku hiyo hiyo. Kisima kilikuwa nyuma ya hoteli ya madereva, na alikijua kwa harufu kabla ya kukiona, harufu ya tairi lililoungua. Vijana wawili walikuwa wamesimama pembeni, wametazama chini, bila hamu ya kazi. Maundu alikuwa amekaa ukingoni miguu ikining'inia shimoni, anavuta sigara aimalize ashuke. Alikuwa amezeeka usoni kuliko umri wake.

"Umekuja kunifunga?" aliuliza bila kugeuka.

"Mikono yangu haina nguvu hiyo tena."

"Nani amekutuma?"

"Mama yako."

Maundu alivuta moshi, akautoa. Lori lilipita barabarani likatikisa mabati ya hoteli.

"Siku ile," alisema, "ulisikia vile alilia huko chini?"

"Nilisikia."

"Na ukaendelea kufunga."

"Nikaendelea kufunga."

"Kama ungeniachilia na kamba, saa hii tungekuwa wapi?"

"Sijui, Maundu. Mimi nilidhani ungejifungua wewe ili umfunge yeye."

Kijana aliizima sigara kwenye udongo. Mmoja wa wale vijana wawili alikuwa ameivua kofia na kuishika mkononi.

"Ningejifungua," alisema Maundu mwishowe. "Hiyo ni ukweli. Ningejifungua." Akajipangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Sasa niambie, mzee. Uliniweka hai nifanye nini?"

Maisha yote Othman alikuwa ameulizwa maswali na mabaharia, na kwa kila swali alikuwa na sheria ya kujibu. Kwa hili hakuwa nayo. Alisema lililokuwa moyoni.

"Siku moja mama yako atakufa. Alizaa wana wawili wa kumzika. Nilitaka abaki na mmoja."

Maundu alilia hapo, mbele ya watu, kilio ambacho pengine hakuwa amekilia kwenye kaburi la Mutiso. Othman hakumgusa. Alipomaliza kulia, kijana alivuta miguu yake kutoka shimoni, mmoja kisha mwingine, akasimama. Aliwaambia wale vijana wawili kwamba hakuna anayeshuka leo wala kesho, wakate matawi. Kisha akamgeukia Othman kwa mara ya kwanza.

"Mwambie Mama nitarudi nyumbani," alisema. "Na siku ya kumzika nitamzika. Lakini wewe usikuje siku hiyo. Sitaki kukuona ukisimama hapo ukijiambia ni wewe umemzika."

"Nimesikia," alisema Othman.

Alimpelekea Kamanthe nusu ya kwanza ya maneno hayo, ile nyingine akabaki nayo, hata Rehana hakuambiwa. Maundu alirudi, akaoa, akalima. Hakuchimba tena. Yeye na kapteni walisalimiana kwa mbali, na ua wa mkonge ukarefuka kati yao kwa sababu hakuna aliyeupunguza.

Kamanthe alifariki miaka michache baadaye, kwa ugonjwa wa uzee, kitandani mwake. Kalama yote ilikuja. Rehana alijifunga leso akavuka kwenda kuwasaidia wanawake kupika, akashangaa mumewe alipomwambia atangulie. Othman alibaki upande wake wa ua, amesimama kwenye tuta alilofundishwa na Mutiso kulikinga. Kupitia mianya ya mkonge alimwona Maundu akiinama, akichukua udongo kwa mkono na kuutupa kaburini, kisha akiinama tena. Nyimbo zilianza, na Othman akabaki hapo hapo mpaka zilipokwisha.